Maziwa ya Ng'ombe wa Amana

Mteja mpya alipoingia katika ofisi ya Wakili Aminiel mjini Babati, kabla hajamaliza kueleza shida iliyomleta, Xaveria alimwuliza swali ambalo halimo katika kitabu chochote cha sheria.

"Umewahi kumpa mtu ng'ombe akutunzie?"

Wengi walikuwa wamewahi. Wairaqw walioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu hawakupenda kulaza ng'ombe wote katika zizi moja. Mwenye nao wengi aliweka wawili kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, ili ugonjwa ukipita usizoe mali yote kwa usiku mmoja. Na asiye na ng'ombe akapata wa kukamua. Mtunzaji alikunywa maziwa, na samadi akaitia shambani. Ng'ombe mwenyewe na uzao wake vilibaki mali ya mwenye ng'ombe. Na ng'ombe akifa, mtunzaji hakukaa akangoja kuulizwa. Alichuna ngozi akaipeleka.

"Basi," Xaveria aliendelea, "fedha utakazoacha hapa ndizo ng'ombe wako, na wakili ndiye mtunzaji. Tuna mazizi mawili kule benki. Moja la ofisi. Humo zinatoka fedha za kodi ya chumba, wino na mshahara wangu. La pili ni la wateja. Ng'ombe wa zizi la pili, wakili hata alale na njaa, hamchinji."

Wazee walicheka, wakaelewa, wakatia dole gumba. Wakili Aminiel alimwachia kazi hiyo ya kueleza, kwa sababu aliona watu wakitoka wametulia.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu, ukuta kwa ukuta na duka la Shaaban. Kuna miji ambamo wakili hujulikana kwa suti. Huku alijulikana kwa vumbi. Aminiel aliishi Arusha, akawa anakuja Babati kwa Peugeot kuukuu kila alipopata petroli, anasikiliza watu, anakwenda mahakamani, kisha anarudi. Siku ambazo hakuwepo, ofisi ilikuwa Xaveria: taipureta, kabati la chuma, vitabu viwili vya hundi na leja mbili. Leja ya zizi la pili ilikuwa na ukurasa mmoja kwa kila mteja, na mwisho wa mwezi jumla ya kurasa zote ilipaswa kulingana na taarifa ya benki. Isipolingana, Xaveria hakurudi nyumbani mpaka ilingane.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1983, mwaka wa maduka matupu. Katika duka la Shaaban ungepata chumvi, viberiti, na makopo mengi ya rangi ya viatu kwa watu wasio na viatu. Sukari ilikuwa ya kadi ya kaya, ikija. Nguo watu walifulia majani ya mpapai. Petroli ilikuwa kwa kibali. Kisha ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekuwa na jora moja la ziada alilala macho. Wengine walitupa bidhaa zao kabla hazijakutwa nyumbani, hata watu wakatania kwamba viboko wa ziwani Babati ndio pekee mwaka ule waliooga kwa sabuni.

Katikati ya hayo yote Xaveria alitembea kila asubuhi kutoka Maisaka hadi ofisini akishukuru. Hakuwa mlokole wa kushukuru kwa sauti. Alikuwa Mkatoliki wa kimya, anahesabu neema zake njiani kama mwingine anavyohesabu shanga za rozari. Alikuwa na sababu. Baba yake hakuwahi kuwa na ng'ombe wake mwenyewe; maziwa yaliyomkuza yalikuwa ya ng'ombe wa jirani aliyewekwa kwao kutunzwa. Masista walimfundisha hesabu. Hesabu zikampatia ukarani katika chama cha ushirika, akapima mbaazi na ngano za watu kwa miaka mingi, mpaka vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na yeye akarudishwa kwenye jembe la mumewe Paskali. Alilima akidhani kalamu ndiyo imekwisha hivyo. Siku Wakili Aminiel alipomwuliza padri kama anamjua mtu wa kuweka vitabu asiyeiba na asiyekunywa, padri alimtaja Xaveria, na Wakili hakuuliza kwa nini viganja vyake ni vigumu kama gome. Alimpa kiti.

Mteja ambaye Xaveria alimpenda kuliko wote alikuwa Mzee Yoakimu wa Singe. Mwanawe na mkwewe walikufa pamoja lori lilipopinduka, wakaacha watoto wadogo mikononi mwa babu na bibi. Wakili alidai fidia ya bima, ikalipwa. Lakini mjomba wa watoto alikwenda mahakamani kupinga Yoakimu asisimamie mirathi, na mahakama ikaamuru fedha zikae kwa wakili hadi shauri limalizike.

"Kesi hii itaota mvi," Aminiel alisema. "Fedha za watoto zisilale bure. Zitoe kwenye akaunti ya hundi za kila siku, uziweke amana ya muda maalumu, zipate riba."

Benki ilimpa Xaveria fomu. Aliijaza kwa mwandiko wake wa masista, jina, kiasi, muda, mpaka akafika mstari wa mwisho uliouliza riba ilipwe katika akaunti gani. Kalamu haikusita. Ng'ombe ni wa watoto. Aliyemtunza atakunywa maziwa. Aliandika namba ya akaunti ya ofisi. Wakili alitia saini akiwa amesimama mlangoni, maana gari lilikuwa linanguruma nje, na likizimwa huwaka tena kwa kusukumwa na watu wanne.

Riba ilipoingia, Xaveria aliiandika waziwazi katika leja ya ofisi: riba, amana ya watoto wa marehemu, Singe. Hakuficha kitu kwa sababu hakujua kwamba kuna cha kuficha. Ilikuja wakati wa kufaa. Wateja walikuwa wakilipa ada kwa debe la mahindi, na mahindi hayanunui karatasi. Riba ile ndiyo iliyonunua karatasi. Ilinunua petroli iliyompeleka Wakili mahakamani Kondoa, ikamlipa Xaveria mshahara katika miezi ambayo ofisi haikuwa na senti. Alipoupokea mshahara huo alimkumbuka Mzee Yoakimu moyoni, kama alivyofundishwa utotoni kumkumbuka jirani yule kila alipofuta maziwa mdomoni.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei Wakili alifika mapema, akavua koti, akaketi.

"Mama Teodori," alimwita Xaveria kwa jina la mwanawe, "mkaguzi wa hesabu anakuja Ijumaa. Nipe leja ya wateja nami niipitie."

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Mkaguzi huangalia akaunti ya wateja, akiridhika hutoa cheti, na bila cheti hicho wakili hapati leseni ya mwaka unaofuata. Xaveria alimpa leja bila wasiwasi, akaenda kuchemsha chai ya tangawizi. Aliporudi, kalamu ya Wakili ilikuwa imesimama juu ya ukurasa wa watoto wa Singe.

"Riba ya hawa iko wapi?"

"Iko ofisini, Wakili." Akajisahihisha. "Ilikuwa ofisini. Tumeshaitumia."

"Tumeitumia?"

"Petroli ya Kondoa. Karatasi. Mshahara wangu wa Februari na Machi. Yote yameandikwa, nikufungulie?"

"Kwa idhini ya nani?"

Xaveria alidhani anataniwa. "Wakili, tangu lini maziwa yakaombewa idhini?"

Aminiel alivua miwani. Alikuwa mtu wa Upareni, si wa Mbulu, lakini alikuwa amesikia hadithi ya ng'ombe ikisimuliwa kwa wateja mara nyingi kiasi cha kuelewa mara moja kosa lilikotoka. Hakupandisha sauti. Xaveria angependa aipandishe.

"Sikiliza. Riba ya fedha za mteja ni ya mteja. Si yangu, si yako, si ya ofisi. Kwa sheria tumechukua mali ya yatima."

"Mimi?"

Wakili aliigeuza nakala ya fomu, akagusa chini. "Saini hii ya nani?"

"Yako."

"Niliitia kama mtu anayefukuza nzi. Kwa hiyo ni sisi."

Hakuna aliyekunywa chai. Kila mmoja alikuwa anaona kitu kimoja kwa upande wake. Mkaguzi akikataa kutoa cheti, chumba kile kitafungwa, na wazee wa vijijini watarudi kutafuta wakili Arusha kwa nauli wasiyokuwa nayo. Hilo aliliona Aminiel. Xaveria aliliona pia, lakini zaidi aliona jina lake. Katika mji uliokuwa unasaka wahujumu chini ya vitanda, mwanamke karani aliyekula riba ya watoto waliofiwa asingepata nafasi ya kusimulia habari za maziwa. Na hata angeipata, angemtazamaje padri? Angekwenda kupima mbaazi za nani tena?

"Tutafute fedha kwanza tuzirudishe," Wakili alisema. "Mteja tutamwambia baadaye, mambo yakishakaa sawa."

"Hapana, Wakili."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hapana. Alishtuka mwenyewe.

"Kwetu ng'ombe akifa, mtu hapeleki ngozi baada ya kununua ng'ombe mwingine. Anaipeleka siku ile ile. Nakwenda Singe."

"Sina petroli ya kukupeleka."

"Miguu haina kibali."

Njia nzima hakuweza kushukuru kwa lolote. Alijaribu. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri pande zote, mvua za mwaka ule hazikuwa mbaya, mlima Kwaraa ulikuwa umevua mawingu yake. Aliyaona yote hayo kama mtu anayetazama chakula akiwa na homa.

Mzee Yoakimu alikuwa uani, blanketi begani, anachonga mpini wa jembe. Mjukuu wake mkubwa, Antonia, alikuwa anapepeta maharage.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kesi imekwisha?"

"Bado."

"Umetembea kutoka mjini kuja kuniambia bado? Bado ningejiambia mwenyewe nikiwa nimekaa." Akacheka, akaita, "Wilhelmina! Mgeni!"

Mkewe alitoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamkabidhi Xaveria. Xaveria alikishika kwa mikono miwili, asikipeleke mdomoni. Alieleza yote akiwa amekishika: fomu, mstari wa mwisho, riba, petroli, mishahara, mkaguzi wa Ijumaa. Alieleza kwa Kiiraqw, kwa sababu kwa Kiswahili maneno yalikuwa yanatoka yamevaa nguo za ofisi.

Mzee alipiga paja. "Maziwa! Wilhelmina, umesikia? Mtoto wa watu ametembea kuja kuomba radhi ya maziwa! Hao wa serikali hawajawahi kukamua?"

"Mwache anywe kwanza," Wilhelmina alisema. "Unamchekesha na kiu yake."

Huo ungekuwa mwisho wa habari. Xaveria angerudi amwambie Wakili kwamba mwenye ng'ombe amecheka. Lakini Yoakimu alikuwa mfugaji, na mfugaji hana haraka ya kuacha habari ya mnyama asiyemjua. Aliuchukua mpini wake tena.

"Hebu nieleze. Hiyo riba yenu, isiponywewa, inachacha?"

"Haichachi, baba. Ikiachwa benki inaungana na fedha zile za kwanza."

"Inaungana na mama yake."

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu mwaka unaofuata nayo inapata riba yake."

Kisu kilisimama juu ya mti. "Yaani inazaa."

Xaveria alikuwa ameiandika riba ya aina hiyo tangu siku za ushirika. Alijua kuikokotoa bila kusogeza midomo. Hakuwahi kuitazama usoni.

"Inazaa," alisema.

"Mwanangu, mimi benki siijui. Lakini maziwa hayazai. Ukiona kitu kimetoka kwa ng'ombe na kesho nacho kinazaa, hicho ni ndama." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mguu unaochechemea. "Mmekula ndama wa watoto hawa."

Antonia aliacha kupepeta, akawatazama.

"Ingekuwa ni ndama wangu," mzee aliendelea, "ningesema mmekula, mmeshiba, yameisha. Tena kwa njaa ya mwaka huu. Lakini si wangu. Mimi hapa ni mtunzaji kama wewe."

"Mtunzaji aliyekula ndama hufanya nini, baba?" Xaveria aliuliza, ingawa alilijua jibu tangu utotoni.

"Anarudisha ndama. Na kama alikuja kusema mwenyewe, mwenye ng'ombe hajasikia kwa majirani, haondolewi ng'ombe." Akanyanyua kidevu kuelekea kwenye kibuyu. "Sasa kunywa. Hayo kweli ni maziwa."

Akanywa. Wilhelmina alijifanya anatazama kuku.

Alirudi mjini akiwa amekwisha piga hesabu. Pale nyumbani palikuwa na fedha za mbaazi za msimu uliopita, alizoweka pamoja na Paskali kwa ajili ya bati, waondoe nyasi juu ya nyumba. Hazikufika kiasi cha riba yote. Riba ile ilikuwa bei ya ng'ombe mzuri na mbuzi wa kumsindikiza. Lakini zilikuwa mwanzo. Alikuta mlango wa ofisi uko wazi na hakuna mtu. Sauti ya Wakili ilikuwa inatoka dukani kwa Shaaban.

Kwenye kaunta, palipozoea kukaa sukari siku za neema, lilikuwa limelazwa tairi jipya. Mwaka ule tairi jipya lilitazamwa kama bibi harusi. Vijana wawili walikuwa wamekwisha simama mlangoni kuliangalia.

"Wakili, hili umelificha wapi?" Shaaban alikuwa anauliza, huku anapapasa meno ya tairi. "Huu si ndio uhujumu wenyewe? Na wakili ni wewe. Sasa nani atakutetea?"

"Nimelipata kwa kibali. Risiti hii hapa. Ni la akiba, halijagusa ardhi."

"Unaliuza bei gani?"

"Bei ya risiti."

"Bei ya risiti!" Shaaban aliwageukia vijana. "Mmesikia? Nendeni mkatangaze msikitini na kanisani, mtu mmoja bado anauza kwa bei ya risiti." Kisha akawafukuza kwa mkono, akainama, akashusha sauti. "Kaka, pikapu yangu, nayo Peugeot, iko juu ya mawe huu mwezi wa pili sasa. Nikupe mara tatu, tumalizane sisi wawili."

"Hapana."

"Mara tatu, ndugu yangu! Nani atajua?"

"Fedha hizi zinakwenda kuziba amana ya yatima. Siwezi kuiziba kwa fedha za magendo."

Shaaban aliondoa mkono kwenye tairi. Alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini neno amana kwake halikuwa la kutaniwa. Alilelewa akiambiwa ni jambo ambalo mtu ataulizwa akiwa peke yake. Aliingia ndani kwa mkewe Zuwena, akatoka na fedha, akazihesabu kwa bei ya risiti. Alipomaliza akaandika risiti nyingine kwa mkono wake, bila kuombwa.

Zilipungua bado. Jioni ile Paskali, aliyeitwa na mkewe, alikuja kwa baiskeli na fedha za bati zimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha mkewe. Wakili alirudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Hizo siwezi kuzichukua, Mama Teodori. Saini ilikuwa yangu."

"Na namba niliiandika mimi."

"Ni paa la nyumba yenu."

Paskali, ambaye kwa kawaida alimwachia mkewe maneno ya mjini, ndiye aliyejibu. "Wakili, bati zenyewe zipo wapi? Onyesha duka moja. Fedha zinalala tu, na nyasi zetu hazivuji."

"Tulikula wote," Xaveria alisema. "Mshahara wa Februari ulipita kooni kwangu, si kwako."

Kesho yake riba yote ilirudi katika zizi la pili, na Xaveria akaandika benki barua ya kubadilisha ule mstari wa mwisho wa fomu.

Ijumaa mkaguzi alifika kwa basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jina lake Wolfgang, mtoto wa Mbulu aliyesomea hesabu akahamia Arusha, mtu mkavu aliyezoea kudanganywa. Xaveria alimpa maji ya kunawa, kisha akamwekea leja mbele, imefunguliwa kwenye ukurasa wa watoto wa Singe.

"Sijaomba ukurasa huu," Wolfgang alisema.

"Najua, baba. Lakini ndio wenye kosa."

Alimweleza. Wakili aliketi kando akaongeza palipopungua, hasa habari ya saini. Mkaguzi alisikiliza akiwa ameshika penseli kama sindano.

"Nyaraka za kurudisha?"

Akapewa.

"Fedha za kurudishia zimetoka wapi?"

Akaonyeshwa risiti ya Shaaban. Aliisoma mara mbili. "Tairi? Kwa bei hii?" Hakungoja jibu. "Na mteja? Ameambiwa?"

"Ameambiwa," Wakili alisema.

"Kwa barua? Nione nakala."

"Hakuna barua," Xaveria alisema. "Nilikwenda Singe kwa miguu."

"Lini?"

"Jumatatu. Siku tulipoligundua."

"Kabla ya kurudisha fedha?"

"Kabla."

Wolfgang aliweka penseli chini. Kwa mara ya kwanza alimwuliza kwa Kiiraqw, na swali lake halikuwa la ukaguzi. "Mzee alisemaje?"

"Alisema nimekula ndama nikidhani ni maziwa."

Labda kwao mkaguzi pia palikuwa na ng'ombe wa watu. Akavuta karatasi, akaandika kwamba riba ya mteja iliingizwa kimakosa katika akaunti ya ofisi, kwamba kosa liligunduliwa na ofisi yenyewe, kwamba mteja aliarifiwa siku hiyo hiyo na fedha zikarudishwa zote kabla ya ukaguzi. "Kama mngerudisha kwanza na kumficha mzee," alisema akigonga mhuri, "nisingekiandika cheti hiki. Makosa ninayaona kila wiki. Ninachotafuta ni aliyejua na aliyefichwa." Aliomba chai, akainywa bila sukari, akawahi basi.

Ofisi haikufungwa. Shauri la mirathi lilizeeka kama Wakili alivyotabiri, na lilipokwisha Mzee Yoakimu akathibitishwa kuwa msimamizi. Fedha za watoto zilitoka na uzao wake wote. Antonia akaenda shule ya bweni na godoro lake mwenyewe. Mzee hakulizungumzia tena jambo lile, ila kila msimu wa maharage alituma kikapu ofisini, na kila mara Xaveria alikigawa nusu kwa nusu na Wakili, kwa sababu hakikuwa cha mmoja wao. Nyumba ya Maisaka ilikaa chini ya nyasi kwa miaka mingine kadhaa. Haikuvuja.

Wateja wapya aliendelea kuwauliza kama wamewahi kumpa mtu ng'ombe. Sasa aliongeza maneno: "Na hapa kwetu, bwana, hata maziwa ni yako. Sisi tunalipwa mshahara wa kuchunga."

Siku moja mwishoni mwa masika, mwaka uliofuata, Wakili alitazamiwa asubuhi kutoka Kondoa. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi. Jua lilipanda, likapita utosini. Mchana mkubwa pikapu ya Shaaban ilisimama mbele ya ofisi, na juu ya magunia ya mahindi alikuwa ameketi Wakili Aminiel, koti mkononi, amekumbatia gurudumu la Peugeot lililopasuka. Gari alikuwa ameliacha kando ya njia, mbele ya Bonga.

"Mpokeeni mtu wenu!" Shaaban alipiga kelele kutoka usukani. "Nimemkuta analisukuma gurudumu kama mtoto na ringi. Nikamwambia, panda, Wakili, tairi lako la zamani limekuja kukuchukua!"

Benchi zima lilicheka. Wakili naye alicheka, akateremka kwa shida, akaomba samahani kwa mmoja mmoja kwa kuchelewa. Xaveria alisimama mlangoni akingoja atazamwe. Alikuwa tayari kwa neno lolote, hata la utani. Angelipokea kama haki yake. Wakili aliliegemeza gurudumu ukutani, akapangusa mikono, akamtazama.

"Mama Teodori, nani wa kwanza?"

Miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mpaka Wakili alipoacha kazi kwa uzee na chumba kile kikawa duka la dawa, hakuwahi kulitaja tairi lile, hata mara moja, hata kwa mzaha. Xaveria alimwita mzee wa kwanza kwenye benchi, akamwonyesha kiti. Kisha akapita nyuma kuchochea jiko. Kwenye kopo kulikuwa na sukari kidogo ya kadi, aliyokuwa amemwekea padri kwa Jumapili. Alikung'uta yote ndani ya kikombe cha Wakili, akakoroga, akampelekea.